Walihamia kwa Hiari Yao

Simu ilinikuta ofisi ya walimu, Musoma, saa nne asubuhi, wakati wa chai. Aliyepiga alijitambulisha kuwa mwenyekiti wa kamati ya uwanja wa kumbukumbu katika mji mdogo nilikozaliwa, upande wa Bunda. Mji huo sitautaja. Wenyeji watautambua, na wasio wenyeji hawatapungukiwa na kitu. Alisema pale njia panda, kwenye uwanja ambao utotoni tulichezea rede, wanajenga bustani ndogo yenye mabenchi, taa na sanamu. Sanamu ilikuwa karibu kuisha kwa fundi. Kilichobaki ni maneno ya kuandikwa kwenye jiwe chini yake.

"Tunataka mistari minne tu," alisema. "Wewe ni mtoto wa hapa, halafu unafundisha historia. Tukaona ya nini kuhangaika na mtu wa mbali. Na jina lako tutaliweka."

Nilifurahi. Naliandika hilo mapema ili mtu asije akadhani nilianza nikiwa na hasira. Nilimaliza chai yangu nikitabasamu, mpaka mwalimu wa jiografia akaniuliza kama nimepata uhamisho.

Kila mwaka huwa nawatembeza wanafunzi wa kidato cha tatu mjini Musoma, kila mmoja na daftari lake. Nawaambia wasome kila jiwe, kila kibao na kila sanamu watakayokutana nayo kuanzia Nyasho mpaka ziwani, wanakili, halafu darasani tunaulizana: hili jiwe linamtaja nani, na linamwacha nani? Majibu ni yale yale kila mwaka. Jiwe linasema jengo lilizinduliwa na fulani, mgeni rasmi, mwenye cheo fulani. Aliyechimba msingi hayupo. Aliyekuwa analima hapo kabla ya jengo hayupo. Kisima kina jina la mtu aliyekata utepe, akapanda gari, akaondoka, na pengine hajawahi kunywa hata kikombe kimoja cha maji yake. Miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa kuyakosoa mawe ya wengine. Sasa nimepewa la kwangu.

Alasiri nilimkuta mama nyuma ya nyumba yangu pale Bweri, amekaa kwenye mkeka anachambua dagaa. Mama anaishi na mimi tangu magoti yalipomshinda. Nilimweleza habari ya sanamu. Akasikiliza bila kuinua kichwa.

"Uwanja upi?" aliuliza.

"Ule wa njia panda. Tulipokuwa tunacheza."

"Nyie mlikuwa mnacheza. Pale ndipo walipotushusha."

Nilijua kwamba kijiji chetu kilianzishwa wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, miaka michache kabla sijazaliwa. Ndiyo mada yangu, naifundisha kila mwaka, na nina noti zake. Nilijua pia kwamba nilikuwa na kaka aliyekufa mdogo, kwa homa. Hivyo vitu viwili vilikaa kichwani mwangu katika vyumba tofauti kwa zaidi ya miaka arobaini, na hakuna aliyewahi kunifungulia mlango wa katikati. Siku ile mama aliufungua huku anatoa mawe madogo kwenye dagaa.

Alisema malori yalikuja wakati ulezi umeshavunwa na uko kwenye kihenge. Walikuwa wameambiwa wahame, wakaongezewa muda, muda ukaisha. Baba yangu alikuwa ameenda kufuata ng'ombe waliopelekwa kwa ndugu. Mama alikuwa ndani na kaka yangu, mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Walimwambia atoke na vitu anavyoweza kubeba. Alitoka na mtoto, sufuria na kanga mbili. Akiwa bado uani, wakawasha moto kwenye paa. Kihenge kilikuwa ubavuni mwa nyumba. Kikaungua na ulezi wote ndani.

"Wakatupakia. Tukashushwa pale uwanjani. Hakuna nyumba, hakuna choo, hakuna nini. Kuna vigingi tu, kila mtu anaonyeshwa kiwanja chake. Jioni mvua ikaanza. Tulikuwaga tunajifunika magunia ya pamba."

"Na kaka?"

"Kifua kilimbana. Siku ya nne akafa." Akatoa jiwe lingine. "Baba yako alikuwa hajafika. Tulitaka kumrudisha tukamzike kwetu, wakakataa, wakasema kule sasa ni pori. Tukamzika pembeni ya uwanja, upande wa jua linapochomoza. Hata jembe hatukuwa nalo, majembe yaliungulia ndani. Tuliazima."

"Walikuwa wangapi waliozikwa pale?"

"Sikuhesabu. Mimi nilikuwa na wangu."

Nikamuuliza swali ambalo mwalimu wa historia lazima aliulize, ingawa mtoto hapaswi. Nilimuuliza nani aliyewasha moto.

"Kamuulize mjomba wako," alisema, akanyanyua ungo akaanza kupepeta.

Nilikwenda Butiama Jumamosi iliyofuata. Mjomba, mdogo wake mama wa tumbo moja, alihamia huko kwa mke wake wa pili na analima mihogo na mahindi. Njiani nilipishana na basi la wanafunzi waliokuja kuona makumbusho na kaburi la Baba wa Taifa. Nami nimewapeleka wanafunzi wangu hapo mara nyingi. Wanashuka kwa mstari, wanavua kofia, wanaambiwa wasipige kelele, na hawapigi. Marehemu yule anastahili utulivu huo na sina neno naye. Lakini siku ile, nikiwaona wale watoto na soksi zao nyeupe wanatembea taratibu pembeni ya kaburi lenye mlinzi na kitabu cha wageni, nilikumbuka tulivyokuwa tunarukaruka kwenye rede, upande wa mashariki wa uwanja, kwa sababu ndiko kulikokuwa na udongo laini. Hasira ilianza hapo, na haijaondoka.

Mjomba alikuwa kivulini anatengeneza mpini. Nilimwamkia, akaitikia, akaagiza niletewe uji. Hakuwa mtu wa kuzungushwa, nikamuuliza moja kwa moja.

"Ni mimi," alisema.

Alikuwa mgambo wakati ule, kijana wa miaka ishirini na kitu. Alinieleza bila kuacha kukwangua mpini wake. Kiongozi wao aliwaambia kila mgambo aanzie nyumba ya ndugu yake, ili wananchi wasije wakasema kuna upendeleo. "Nilianza na kwa dada yangu. Nikikataa, angechoma mwingine, na mimi ningewekwa ndani."

"Hukuweza hata kumwacha atoe ulezi?"

Aliacha kukwangua. "Nilikuwa na haraka ya kumaliza," alisema. "Nilitaka iishe."

Nikamwambia habari ya jiwe na mistari minne. Akasema kitu ambacho kilinikera zaidi ya ule moto, kwa sababu kilikuwa kweli.

"Andika na shule. Usije ukaandika moto tu. Kule tulikotoka shule ilikuwaga mwendo wa nusu siku. Wewe umesoma kwa sababu ilikuwa hatua kumi kutoka kwenu. Mama yako mwenyewe alifundishwa kusoma barazani kwa shule ile, jioni, na akina mama wenzake. Zahanati je? Watoto waliofuata hawakufa. Hayo nayo yalitokea."

"Jembe la kumzikia kaka mliazima kwa nani?"

"Lilikuwa langu," alisema. "Nilichimba mimi."

Niliondoka bila kumaliza uji. Kwenye bodaboda mpaka barabara kuu nilikuwa na uchungu, na sikujua kama ni kwa ajili ya mama, au kwa ajili yake yule kijana wa miaka ishirini aliyechoma asubuhi na siku nne baadaye akachimba. Nilijua tu kwamba jiwe lile litasema yote mawili. Nilijiona mtu wa haki sana.

Niliandika kwa wiki nzima. Mistari minne ilinitoa jasho kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuandika. Mwishowe ikawa hivi:

"Hapa waliteremshwa kwa malori watu ambao nyumba zao zilichomwa ili wahame. Walilala nje wakinyeshewa mvua. Watoto wao waliokufa siku zile wamezikwa upande wa mashariki wa uwanja huu. Waliobaki walijenga shule, zahanati na mji huu kwa mikono yao."

Nilimtumia mwenyekiti kwa simu. Ujumbe ulionyesha umesomwa. Siku mbili zikapita kimya. Ya tatu akajibu: "Asante Mwalimu. Tumepokea. Tutaboresha."

Neno hilo nalijua. Ukisikia ofisini kwamba kitu chako kitaboreshwa, jua hutakitambua kikirudi. Nilimpigia hakupokea. Nikampigia tena kesho yake, akasema yuko kikaoni. Basi Ijumaa nikaomba ruhusa, nikapanda gari la Bunda, na kutoka pale Bunda mjini nikachukua bodaboda mpaka njia panda ya kwetu.

Uwanja ulikuwa umezungushiwa mabati. Fundi, mtu wa makamo mwenye vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, aliniruhusu kuingia nilipomwambia mimi ndiye mwandishi wa maneno. Sanamu ilikuwa imeshasimikwa. Watu watatu wa saruji waliopakwa rangi: mwanamume mbele na jembe begani, mwanamke nyuma yake na mzigo kichwani, na mtoto ameshikwa mkono. Wote watatu walikuwa wanacheka. Meno yao yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe, moja moja, kwa uangalifu mkubwa.

"Mbona wanacheka?" nilimuuliza.

"Waliniambia wacheke," fundi alisema. "Mwanzo niliwaacha na sura za kawaida. Kamati ikaja ikasema hapana, wanaonekana wamenuna. Nikaongeza midomo."

Jiwe, bamba la saruji, lilikuwa limeegemezwa ukutani, limefunikwa gunia. Akalifunua kwa fahari, maana herufi alizichonga vizuri. Zilisema: "Hapa ndipo wananchi walipohamia kwa hiari yao, wakaanza maisha mapya ya umoja na maendeleo." Chini, kwa herufi ndogo: "Maneno ya Mwalimu," halafu jina langu lote, la kwanza, la baba na la ukoo.

Nililisoma mara tatu. Nakumbuka nilianza kusahihisha kama mtihani: walipohamia, hapana. Kwa hiari yao, hapana. Fundi alisogea pembeni akaniacha.

Niliuliza upande wa mashariki kuna nini, maana nyuma ya mabati niliona udongo umechimbuliwa. Alisema watajenga vyoo vya umma na maegesho ya bodaboda. Msingi umeshachimbwa. Kisha, pengine kwa sababu aliona uso wangu, au kwa sababu alikuwa amekaa na jambo hilo peke yake muda mrefu, akateremsha sauti.

"Mwalimu, wachimbaji walikuta mifupa. Midogo midogo. Tukamwita mwenyekiti. Akaja akatazama, akasema ni ya mbuzi, tuendelee."

"Ilikuwa ya mbuzi?"

"Mimi nimechinja mbuzi wengi," alisema. "Sikusema kitu. Nina kazi nyingine naitegemea kwao."

"Hiyo mifupa iko wapi?"

"Ilipakiwa na kifusi. Kilienda kujazia mashimo kwenye barabara ya mnadani."

Nilikaa kwenye ukingo wa ile bustani, mahali ambapo mabenchi yalikuwa bado hayajafungwa. Barabara ya mnadani ndiyo wanayopita ng'ombe wote kila siku ya mnada, na malori ya kuwachukua, na watu wote na viatu vyao. Sijui nilikaa muda gani. Mwenyekiti alikuja. Fundi lazima alimpigia. Alikuwa amevaa shati la kitenge lililopigwa pasi na alinisalimia kwa uchangamfu, kama mtu anayempokea mgeni harusini.

Nilimwambia atoe jina langu.

"Mwalimu, usikasirike. Maneno yako yalikuwa mazuri, ila mazito. Siku ya uzinduzi kutakuwa na mgeni rasmi. Huwezi kumsimamisha mgeni rasmi mbele ya jiwe linasema nyumba zilichomwa."

"Zilichomwa."

"Sisemi hazikuchomwa. Nasema historia inatakiwa ijenge. Hawa vijana wakisoma mambo ya moto watapata faida gani?"

"Basi weka jina lako."

Alicheka kidogo, kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. "Jina langu nani atalijua? Wewe ni mwalimu wa historia. Wakiona ni wewe, hawataulizauliza."

Nilimuuliza habari ya mifupa. Akatazama saa, akasema ilikuwa ya mbuzi, na kwamba ana kikao.

Niliandika barua kwa kamati. Niliipeleka kwa mkono, nikapigiwa muhuri wa kupokelewa, na sikujibiwa. Mama sikumwambia lolote. Nilijidanganya kwamba wataogopa barua, kwamba jiwe litachongwa upya, kwamba bado kuna muda. Kadi ya mwaliko ilipokuja, mama ndiye aliyeipokea mlangoni, akaisoma, akasema atakwenda.

"Nataka nione walichomwandikia," alisema. Alisema "walichomwandikia," yaani mtoto wake mmoja, siyo mji. Nilishindwa kumkatalia.

Siku ya uzinduzi tulikodi gari dogo kutoka Musoma. Kulikuwa na mahema, viti vya plastiki, spika mbili kubwa na kikundi cha ngoma. Mjomba alikuwa amefika kutoka Butiama. Walimweka meza kuu, karibu na mgeni rasmi, na mshereheshaji akamtambulisha kama mzee aliyehamasisha wananchi kuhamia kijijini. Alisimama, akainama kidogo, akakaa. Hakututazama.

Mgeni rasmi alivuta kitambaa. Wakapiga makofi. Hotuba zikaisha, watu wakaruhusiwa kusogea kupiga picha na sanamu, na mama akaniambia nimpeleke.

Nilitegemea nitamsomea. Nilikuwa nimeshapanga moyoni nitamsomea maneno yangu, yale halisi, kana kwamba ndiyo yaliyoandikwa. Ndivyo nilivyokuwa nimeoza kwa woga. Lakini nilisahau ile baraza ya shule. Mama alisimama mbele ya jiwe, akaegemea fimbo yake, akaanza kusoma mwenyewe, kwa kidole, silabi kwa silabi, kama walivyofundishwa. Hapa ndipo. Wa-na-nchi. Wa-li-po-ha-mi-a. Kwa hi-a-ri ya-o. Watu walikuwa wanamsubiri amalize wapige picha.

"Hiari," alisema, "si ndiyo mtu kupenda mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Akaendelea mpaka chini. Alisoma jina langu la kwanza, akasoma la baba yangu, akafika la ukoo akasimama. Kisha akanigeukia. Sikuona hasira usoni kwake. Alinitazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka alikowahi kuniona.

"Kwa hiyo nilipokuwa nakueleza," alisema, "ulikuwa unaandika hivi."

Nilimketisha kwenye kiti. Fundi alikuwa nyuma ya hema la wapishi na mfuko wake wa zana. Nilimwomba patasi na nyundo. Aliniangalia, akaangalia upande mwingine, na mfuko akauacha wazi. Nilirudi kwenye jiwe wakati watu wamepanga foleni ya pilau, jua liko utosini, mgeni rasmi ananawa mikono, nikapiga magoti na gauni langu la sherehe nikaanza kulitoa jina langu. Saruji ilikuwa bado haijakomaa vizuri. Ilitoka vipande vipande. Nilianza na jina la ukoo, nikarudi kwa baba, nikafika kwangu. Niliumia kidole na sikuacha. Ngoma ilinyamaza. Nilisikia mtu anasema huyu si ndiye mwalimu mwenyewe, na mwingine akamjibu kwamba amechanganyikiwa.

Nilipomaliza jina nilihamia kwenye neno hiari. Nilikuwa nimepiga mara mbili tu waliponishika mikono.

Walinipeleka ofisi ya kata, hatua chache kutoka hapo. Mtendaji alikuwa kijana mpole aliyekuwa bado ana tonge la pilau shavuni. Alisema nimeharibu mali ya umma. Nikasema nimeharibu jina langu, na jina langu ni mali yangu. Mwenyekiti alikuwa anapiga simu huku na huku, jasho limemlowesha lile shati. Baada ya muda mlango ukafunguliwa, akaingia mjomba, na nyuma yake mama.

Mjomba alikataa kiti. "Mtendaji, andika," alisema. "Nyumba zilichomwa. Nilichoma mimi. Nyumba ya huyu dada yangu niliichoma mimi. Mtoto wake nilimzika mimi, pale mnapojenga choo. Huyu binti hajasema uongo."

Mtendaji alimeza tonge lake. "Mzee wangu, hayo ni ya zamani."

"Ndiyo maana nakwambia uandike."

Hakuandika. Kalamu ilikuwa mkononi mwake na hakuandika neno. Mwenyekiti akasema mzee amechoka na jua, apewe maji.

Mama ndiye aliyeongea baadaye, na hakuongea na mtendaji wala mwenyekiti. Alimgeukia mdogo wake. Wamesalimiana, wamezikiana na kuoziana watoto kwa karibu nusu karne, na naamini siku ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulizungumza jambo hilo.

"Ungetuacha tutoe ulezi," alimwambia. "Nyumba ilikuwa amri, sawa. Ulezi nani alikuamuru? Mtoto aliumwa akiwa hajala kitu. Ungetuacha tutoe ulezi kwanza."

"Ndiyo, dada," mjomba alisema.

"Ulikuwa unakulaga kwangu."

"Ndiyo."

Nilitamani mama aseme zaidi, nilitamani ampige ile fimbo, lakini aliketi kwenye benchi la wateja akaomba maji, na yale maji yaliyoletwa kwa ajili ya mjomba akayanywa yeye.

Waliniachia saa kumi alasiri. Wiki iliyofuata nikaitwa na mkuu wa shule, nikapewa barua ya kutakiwa kujieleza. Nilijieleza kurasa tatu, nikaweka malori, mvua, magunia ya pamba, msingi wa choo na kifusi. Mkuu alizisoma zote mbele yangu. Ni mtu mwema, na mama yake naye alihamishwa, sehemu nyingine. Akanirudishia akaniambia nizipunguze ziwe ukurasa mmoja, na kwamba fomu haina nafasi ya mambo ya kifusi. Nikapewa onyo. Safari ya wanafunzi ya kusoma mawe mwaka huu nimekatazwa kuiongoza, anaiongoza mwenzangu wa jiografia, na nasikia amewapeleka kuona bandari.

Jiwe limezibwa. Mahali pa jina langu kuna saruji mpya yenye rangi tofauti kidogo. Neno hiari wamelichonga upya na sasa limekaa ndani zaidi kuliko mengine, linaonekana hata kutoka barabarani. Choo kimekwisha na kinatumika. Vijana wa bodaboda wanakaa chini ya wale watu watatu wanaocheka, wanangoja abiria, na sina ugomvi nao, hakuna aliyewaambia.

Mama hajaniuliza tena kuhusu lile jiwe. Alinisamehe kabla hatujafika Musoma, garini, kwa kunipa nusu ya chungwa lake. Lakini kuna kitu anauliza. Anasema sasa kwa kuwa mjomba ametamka hadharani, twende siku moja tukaonyeshwe mahali hasa, mita chache huku au kule, tumwekee kaka hata mawe matatu. Anasema choo si kitu, hakijachukua upande wote, lazima nafasi imebaki.

Nimejaribu mara mbili kumwambia habari ya barabara ya mnadani. Mara ya kwanza jirani aliingia. Mara ya pili hakuingia mtu, na nilikaa na mdomo wazi mpaka akaniuliza kama jino linaniuma. Mwenyekiti anajua, fundi anajua, wachimbaji wanajua, na wote wanalala. Mimi ndiye niliyebaki na siri yao nyumbani kwangu, ninaipikia chakula, ninaizungukia kila asubuhi ninapomwamkia mama. Kwa moto ule wa zamani nimesikia angalau mtu mmoja akisema, "Ni mimi." Kwa hili la juzi hakuna aliyesema. Jana aliniuliza tena tutakwenda lini. Nikamwambia tusubiri mvua zipungue.